Kuchagua nyasi za kuvumilia miguu: pima jua kabla hujanunua chochote

Kila ninayemsaidia kuandaa bustani mpya huanza na swali lilelile: nyasi gani ni ngumu kuliko zote? Swali hilo lina kasoro. Nyasi yoyote ikikanyagwa huumia. Kinachoibakiza hai ni jinsi inavyopona, na haiponi bila jua.

Hatua ya 1: Jua nani atakanyaga, na wapi

Watoto wa kucheza mpira, mbwa, au wageni wa mara mojamoja? Pale watu wanapopita kila siku kwenye mstari uleule, kama kutoka getini hadi mlangoni, weka mawe ya kukanyagia.

Hatua ya 2: Pima jua

Hapa ndipo bustani nyingi huharibikia, kwa hiyo nivumilie.

Chora ramani ya uwanja kwenye karatasi. Chagua siku isiyo na mawingu, na kila saa, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, weka alama palipo na kivuli. Jioni hesabu saa za jua kamili kwa kila sehemu. Kuna programu za simu zinazodai kukufanyia kazi hii; mimi naamini karatasi na penseli, kwa sababu programu haiujui mwembe wa jirani.

Ukoka unataka angalau saa 6 za jua la moja kwa moja, na 8 ni bora zaidi. Zoysia, nyasi nyingine ya maeneo ya joto, huvumilia kivuli zaidi kidogo kuliko ukoka. Nyasi ikikosa jua hurefuka, majani yake huwa membamba na laini, na haiweki akiba ya chakula kwenye mizizi. Ikikanyagwa katika hali hiyo haina cha kuchipulia tena.

Ila kipimo cha siku moja kinaweza kukudanganya. Ukiishi mbali na ikweta, jua la majira ya baridi hupita chini na vivuli hurefuka sana. Ukiishi karibu na ikweta, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kwa sehemu ya mwaka na kusini kwa sehemu nyingine, hivyo ukuta uleule hutupa kivuli pande mbili tofauti. Pima karibu na Juni, kisha karibu na Desemba. Kama huwezi kungoja, simama uwanjani ukadirie, na ukiwa na shaka hesabu saa chache kuliko ulizoziona.

Kivuli cha mti hakilingani na kile cha ukuta. Mti hunyang'anya nyasi maji pia, na bado unakua: sehemu inayopata saa 6 leo huenda isizipate miaka michache ijayo. Pogoa matawi ya chini kwanza, halafu upime upya. Panapobaki chini ya saa 4, usipande nyasi za kuchezea. Mwaga vipande vya magome, au panda mimea ya kivulini ambayo hakuna atakayeikanyaga.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kwenye joto, yaani mchana wa nyuzi 27 hadi 35 za Selsiasi, chaguo langu la kwanza ni ukoka (*Cynodon dactylon*). Hutambaa juu ya ardhi na chini yake, kwa hiyo huziba vidonda vyake wenyewe. Zoysia ina majani magumu yanayostahimili zaidi, ila ikishachubuka hupona polepole mno. Siipendekezi penye goli. Nyasi za Kikuyu (*Cenchrus clandestinus*) hupona upesi, lakini jiandae kuzitoa kwenye maua kila mara. Zile za majani mapana, *Stenotaphrum secundatum*, zinapendeza na zinavumilia kivuli, ila siziwekei watoto wa mpira.

Kwenye baridi, *Lolium perenne*. Viwanja vya tenisi vya Wimbledon vimepandwa hiyo peke yake tangu 2001. Usiige urefu wao wa milimita 8. Wewe acha sentimita 4 au zaidi. Kwa kuwa hukua kwa mashada na haitambai, changanya na *Poa pratensis* inayotambaa chini ya udongo, la sivyo utakuwa unarudishia mbegu kwenye mapengo kila mwaka.

Hatua ya 4: Soma jina la kisayansi

Picha ya mfuko haina maana. Mfuko ulioandikwa tu "mchanganyiko wa kudumu" bila majina na asilimia, uache dukani.

Hatua ya 5: Mbegu au vipandikizi

Ukoka chotara wa viwanjani, kama Tifway 419, hauzai mbegu. Hupandwa kwa vipandikizi au mikeka, yaani vipande vya nyasi iliyokwisha kuota pamoja na udongo wake. Hata ukoka wa kawaida napenda kuupanda kwa vipandikizi, kwani mbegu zake ni ndogo na mvua moja huzisomba. *Lolium* panda kwa mbegu, takriban gramu 30 kwa mita ya mraba, na huota ndani ya siku 5 hadi 10. *Poa* huchukua hata wiki 3 au 4, kwa hiyo usidhani imekufa.

Udongo ulioshindiliwa na mafundi wa ujenzi ulime kwa uma wa bustani hadi sentimita 15 kabla ya kupanda.

Hatua ya 6: Zuia watu

Zungushia kamba. Baada ya wiki kadhaa shika konzi ya majani uvute taratibu: yakikatika mkononi huku mizizi ikibaki ardhini, fungua kamba. Yaking'oka na mizizi, rudishia udongo, mwagilia, na watoto waendelee kusubiri.