Somo: Kutumia mbinu za DBT kwenye kazi za ustawi wa jamii ngazi ya kata, hatua kwa hatua

Wakuu habari za kazi. Somo hili ni kwa maafisa ustawi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa malezi na wale wa mashirika mnaozunguka majumbani, mnamjua yule mteja ambaye leo anacheka na wewe, kesho kajikata mkono, keshokutwa kagombana na nyumba nzima kahamia kwa rafiki, na kila ofisi imeshamchoka. DBT (Dialectical Behavior Therapy, tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu ujuzi wa kumudu hisia) ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Aliyeianzisha ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, utafiti wake wa kwanza mkubwa ulitoka 1991 na kitabu cha mwongozo 1993, afu mwaka 2011 akasema hadharani kwamba na yeye akiwa binti wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili kwa sababu ya kujiumiza. Kwa hiyo anachokisema anakijua.

Niseme mapema kabisa, DBT kamili kwenye kata hatuiwezi. Ile kamili ina vipande vinne: mteja anakaa na mtaalamu wake kila wiki, anahudhuria darasa la ujuzi kila wiki, anaweza kumpigia mtaalamu simu akizidiwa, na wataalamu wenyewe wanakutana kusaidiana, na kwa kawaida inachukua kama mwaka. Sasa afisa mmoja mwenye kata mbili na pikipiki haina mafuta atatoa wapi huo muda. Ila ndani yake kuna vitu ambavyo havili bajeti, na kwa maoni yangu kimoja kinazidi vyote kwa kazi yetu, nacho ni kulifuatilia tukio pete kwa pete. Hicho kipo hatua ya 3, hapo nitakaa sana, kwingine napita.

Hatua ya 1: Mpokee kabla hujamrekebisha

Sisi tuna ugonjwa wa nasaha. Mtu hajamaliza sentensi tumeshamwambia "vumilia", "Mungu yupo", "wenzako wana shida kuliko wewe". DBT inasema mtu anakuwa hivi kwa mambo mawili yaliyokutana, kazaliwa na moyo mwepesi kuumia, afu kakulia mahali ambapo kila akiumia anaambiwa anadeka. Sasa na wewe ukija na "wenzako wana shida kuliko wewe" umekuwa mtu mwingine wa kumwambia anadeka.

Kumpokea sio kumuunga mkono kwa kila kitu. Unakubali kile chenye ukweli, hisia yake, na kitendo unakiacha pembeni kwanza. "Kuambiwa vile mbele za watu kunauma, na ukizingatia hujalala siku mbili, mtu yeyote angetetereka." Pole peke yake haitoshi, pole tunawapa hata waliojikwaa barabarani. Taja kilichomuuma ajue umesikia. Baada ya hapo ndo unaleta upande wa pili, kwamba hata hivyo lazima tutafute njia nyingine maana hii inakuumiza. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja: amejitahidi alivyoweza, na inabidi ajitahidi tofauti. Moyo wa DBT nzima ni huo.

Hatua ya 2: Panga foleni ya matatizo

Mteja anakuja na mambo kumi: kodi, mtoto kafukuzwa shule, mume, deni la kikoba, na katikati anapitishia "mi bora nife tu". Tabia yetu ni kukimbilia ada maana ada ina fomu. Foleni ya DBT haibadiliki. Kwanza uhai, yaani kujiua na kujiumiza. Pili vitu vinavyovunja kazi yenu wenyewe, mfano haji, anakuja amelewa, au wewe ndo huchukui simu zake. Tatu maisha mengine yote, ndo ada na kodi zinakaa hapo.

Kwenye uhai uliza wazi, andika kwenye faili, ongea na ndugu anayemwamini ili dawa za shamba, sumu ya panya na vidonge vikafungiwe kwa jirani, na fanya rufaa hospitali, msimamizi wako ajue siku hiyo hiyo. Kama ni mtoto kuna namba 116, ya simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Msikariri mbinu mkasahau rufaa.

Hatua ya 3: Fuatilia mnyororo

Chukua mfano wa kutunga, binti wa miaka 17, ana mtoto wa miezi mitano, anaishi kwa shangazi yake, Jumapili jioni kajikata mkono. Ukimuuliza "kwa nini umefanya hivi" atakwambia sijui, atainamisha kichwa na kikao kimeisha. Kwa nini kwetu sisi ni swali la mwalimu mwenye fimbo mkononi. Uliza ilikuwaje, tena anzia asubuhi.

– Shikamoo anti.
– Marahaba, mtoto hajambo?
– Hajambo, homa imeshuka.
– Jumapili uliamkaje?
– Sikulala, alikuwa analia usiku kucha.
– Ulikula nini?
– Chai tu.
– Enhe, ikawaje?
– Shangazi karudi kanisani kakuta vyombo sijaosha.
– Akasemaje?
– Akasema mtoto mmoja tu anakushinda, ndo maana hata mwenye mimba alikukimbia.
– Hapo mwilini ukasikia nini?
– Kifua kikabana. Masikio yakawa yanavuma.
– Kichwani ukajiambia nini?
– Kwamba mi mzigo kweli.
– Afu?
– Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Usikimbie kufika kwenye wembe, hizo sentensi fupi fupi ndo mali yenyewe. Na usiishie kwenye wembe, endelea mbele, baada ya hapo ikawaje? Atakwambia kifua kikaachia, na shangazi alipoona damu akanyamaza akambeba mtoto, jioni akapika yeye. Andika hiyo kwa kalamu nyekundu. Mtaani watasema anatafuta kuonewa huruma, lakini ukiangalia vizuri hajapanga chochote, ni kwamba siku nzima hakuna kilichomnyamazisha shangazi wala kuachia kifua isipokuwa kile kitendo, na kitu kikishaleta nafuu mwili unakikumbuka hata kama akili haitaki.

Sasa chora mstari kwenye karatasi na yeye akiona, pete kwa pete: kukosa usingizi, njaa, maneno ya shangazi, kifua, wazo la "mi mzigo", kufunga mlango, kujikata, nafuu. Afu muulize mwenyewe, tungekata wapi? Wengi wanashangaa kuona kuna sehemu nyingi. Usiku wa homa nani angemshika mtoto hata masaa mawili? Kifua kikianza kubana, kuna kitu cha kufanya kabla ya mlango? Mlango ukibaki wazi je? Inatosha pete moja kwa kuanzia, chagueni ile iliyo rahisi, sio ile iliyo kubwa, maana kumbadilisha shangazi ni mradi wa mwaka.

Ila shangazi naye ana mnyororo wake. Kaa naye siku nyingine, peke yake, kwa heshima zote, uliza Jumapili yake ilikuwaje, unaweza kukuta naye katoka kanisani kaombwa mchango ambao hana. Huyo ndo mtu anayebaki na binti wewe ukishapanda bodaboda, mfundishe jambo moja tu, ampe binti muda wake siku za kawaida, asisubiri damu ndo ambebee mtoto.

Hatua ya 4: Vitu vya kufanya ndani ya dakika tano

Hivi havitatui shida, vinamvusha tu mtu pale moto unapowaka. Maji ya baridi: beseni, maji ya mtungini yanatosha, ainame, azamishe uso huku kazuia pumzi kama sekunde 30, mapigo ya moyo yanashuka. Mwenye ugonjwa wa moyo au anayejinyima chakula asifanye bila kuongea na daktari. Pumzi: kuvuta taratibu na kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta, mfano anavuta akihesabu mpaka 5 anatoa mpaka 7. Na kuutumikisha mwili kwa nguvu, hapa wazungu wanasema ukakimbie, binti mwenye mtoto mchanga akianza kukimbia jioni mtaani maneno yatakuwa mengine, kinu kipo, atwange.

Mfundishe siku ametulia na mjaribu pamoja hapo hapo uani. Ukimpa kwa maneno tu, siku ya shida hatakumbuka.

Hatua ya 5: Kuomba kitu bila kuvunja nyumba

DBT ina mpangilio wa kuomba: eleza kilichotokea bila kuongeza chumvi, sema unavyojisikia, omba kitu kimoja kinachoeleweka, onyesha na mwenzio atanufaikaje, afu kuwa tayari kupunguziana. Mafunzo mengi yanasema pia umtazame mtu machoni uonekane unajiamini. Hapo mimi nabadilisha. Binti akimkazia macho mama mkwe wake keshaharibu kabla hajafungua mdomo. Kwetu anayejiamini anachagua saa, anakaa chini, anaanza na shikamoo, na mara nyingine anamtuma mtu, bibi au somo wake, ombi likiwa lile lile: "Shangazi, usiku mtoto akiwa na homa naomba umshike mpaka saa saba, asubuhi nitawahi vyombo na kuchota maji."

Angalizo kubwa. Kama nyumbani kuna kipigo usimfundishe mtu kuomba vizuri. Wala usilete lile somo lingine la DBT la kukubali hali ilivyo, mtu akajua anaambiwa akubali kupigwa. Hapo ni mpango wa usalama, dawati la jinsia, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), mambo ya ujuzi baadaye.

Hatua ya 6: Daftari na simu

Daftari dogo, kila jioni aandike namba 0 mpaka 5, hamu ya kujiumiza leo ilikuwa ngapi, nilitumia ujuzi gani. Asiyejua kusoma aweke punje za mahindi kwenye kopo. Namba na jina la ujuzi tu bila maelezo, daftari kwenye nyumba za kupanga linasomwa na kila mtu. Simu wekeni saa za kupiga na atabipu wewe upige, na aelewe anapiga KABLA ya kujiumiza, sio baada. Wenye DBT wana sheria kwamba ukishajiumiza, masaa 24 hakuna maongezi ya ujuzi kwenye simu, kama kuna hatari ya uhai hilo ni suala la hospitali.

MASWALI YA WADAU

Ustawi_Geita: Mkuu shukrani kwa nondo. Nikifanya haya naweza kuandika kwenye ripoti kwamba natoa DBT?
Jibu: Hapana. Andika "mafunzo ya kumudu hisia" au "ufuatiliaji wa tukio". Ukiandika DBT, hospitali wakipokea rufaa yako watadhani ameshapata tiba kamili na haikumsaidia, umemharibia.

Mama Careen: Mi naogopa kuuliza mambo ya kujiua, si ndo namtia wazo kichwani? Na si kosa kisheria?
Jibu: Shirika la Afya Duniani wako wazi, kuuliza hakumpi mtu wazo, wengi wanapumua tu kwamba hatimaye kuna mtu kauliza. Kuhusu sheria, kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na ndo maana familia zinaficha, wanakwambia "kala kitu kibaya". Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu chao cha 226 kinakiuka katiba. Wewe sio polisi dada, mpeleke akatibiwe, na jinsi ya kuandika faili ongea na msimamizi wako mapema.

Kijana wa Kisumu: Sasa buda, mimi nafanya na mayut wa mtaani wanaovuta gundi. Hii mnyororo inawezekana na mtu ako high?
Jibu: Akiwa amelewa hapana, hata usijaribu, mpe maji na chakula. Mtafute asubuhi. Fuatilia mara moja tu aliyovuta, sio historia yake yote tangu atoroke nyumbani. DBT ina toleo la watu wa dawa za kulevya, lengo ni kuacha kabisa lakini akiteleza hafukuzwi, mnachora mnyororo wa kuteleza kwenyewe mnaanza tena.

mwl_Halima: Familia inasema ni mapepo na wameshampeleka kwa mtu. Nawaambiaje?
Jibu: Usibishane na mapepo mwalimu, utashindwa wewe. Dua iendelee na hospitali iende. Isipokuwa kama huko anafungwa kamba, anapigwa au ananyimwa chakula, na ni mtoto, hapo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuhusu na unatoa taarifa leo.

Ustawi_Geita: Nyongeza mkuu, kile kipande cha wataalamu kukutana tunakifanyaje na mi niko peke yangu kata nzima?
Jibu: Tafuta maafisa wawili wa kata za jirani, mkutane siku mnayopeleka ripoti halmashauri, saa moja, kesi moja moja bila majina. Ile siku umeona simu ya mteja ukageuza simu kifudifudi, chora huo mnyororo wako wenzio wakiangalia, ulianzia wapi. Kwenye grupu la WhatsApp msifanye, screenshot hazina msimamizi.