DVR au kompyuta? Anza kwa kuuliza nani atakuwepo umeme ukirudi

Nilipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Mbagala Jumatatu asubuhi, nikamwamkia mzee mwenye duka, akaitikia "marahaba" huku macho yako stoo. "Fundi, niwekee picha za usiku wa Jumamosi." Mabunda ya nyaya za shaba yalikuwa yametoka na kufuli halijavunjwa, kwa hiyo mwizi alikuwa mtu mwenye ufunguo, na kamera moja inatazama mlango wa stoo ile. Kamera nane zote nilizifunga kwa mkono wangu, zikirekodi kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya kaunta.

Nikawasha skrini. Nyeusi, na juu mstari mmoja wa maandishi meupe: saa imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi kijana wa duka alibonyeza kitufe, akaona taa imewaka na feni inazunguka, akaendelea na wateja. Ndani kompyuta ilikuwa imesimama, inasubiri mtu aguse kitufe kimoja, kwa sababu kibetri chake cha CR2032, kile bapa kama sarafu kinachotunza saa, kilikuwa kimekufa. Tangu Ijumaa jioni hakukuwa na picha hata moja. Mzee hakunigombeza. Alikaa juu ya mfuko wa saruji akaitazama ile skrini, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza achukue DVR, boksi la kurekodi picha za kamera, au atumie kompyuta, siulizi kwanza ana kamera ngapi. Namuuliza: umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, nani yupo hapo anayejua kuangalia kama mashine inarekodi? Kama jibu ni "hakuna", nunua mashine ya kujitegemea, kama DVR. Kwa nyumba, duka, famasi, ghala dogo, chochote chini ya kamera 16, hilo ndilo jibu langu karibu kila mara.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. DVR ni boksi lenye kazi moja, linapokea kamera za analogi kwa waya wa RG59 na vichwa vya BNC. NVR ni ndugu yake wa kamera za mtandao, zinazokuja kwa waya wa mtandao wa Cat5e au Cat6, na ukiwa na swichi ya PoE waya huo huo unapeleka na umeme, mradi usizidi mita 100. Kompyuta nayo inaweza kufanya kazi hiyo: kwa kamera za analogi utaichomekea kadi ya kunasia picha, kwa kamera za mtandao inatosha programu. Kati ya programu hizo, Blue Iris inatumia Windows; ZoneMinder na Frigate watu wengi huziweka kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Sasa umeme, maana ndipo wengi wanapoumia. Kompyuta ya mezani inayorekodi usiku na mchana chukulia inakula wati 100. Hizo ni yuniti 2.4 kwa siku, yuniti 72 kwa mwezi kwenye LUKU yako. DVR ya kamera nane yenye diski moja inacheza kwenye wati 15, yaani hata yuniti 11 kwa mwezi hazifiki. Kamera zenyewe ni gharama ileile pande zote mbili: wati nne kila moja, kwa nane ni 32.

UPS, yale maboksi ya betri yanayoshika umeme ukikatika, zile ndogo za dukani nyingi zina betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7. Kwenye karatasi hiyo ni wati-saa 84. Kompyuta pamoja na kamera zake zitaimaliza kwa dakika ishirini hivi. DVR na kamera, kama saa nzima. Na tafadhali, kamera ziwe kwenye betri hiyo hiyo. Nimekuta kwa watu wengi UPS imeshika DVR peke yake, boksi la umeme wa kamera limechomekwa ukutani, na DVR inarekodi giza kwa uaminifu kabisa.

Hapa ndipo mashine ya kujitegemea inaipita kompyuta kwa mbali. DVR nyingi ndogo zinatumia adapta ya volti 12, na kamera za analogi pia volti 12. Betri moja ya Ah 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, inakupa zaidi ya saa 12 bila inveta yoyote. Soma maandishi ya nyuma ya adapta kabla ya kuunga, kwa sababu NVR zenye PoE ndani mara nyingi zinataka volti 48. Halafu weka kidhibiti cha volti katikati: betri inapochajiwa hupanda hadi 14 na ushee, na sitaki uunguze kamera kwa kunisikiliza nusu.

Diski nayo ina hesabu yake, na ni rahisi. Kamera moja ikitoa megabiti 4 kwa sekunde inajaza GB 43 kwa siku. Nane zinajaza karibu GB 346. Diski ya TB 2 haimalizi siku sita. Ukiweka H.265, njia ya kubana video, na kushusha hadi megabiti 2, unapata kama siku kumi na moja. Wizi wa dukani mara nyingi unagundulika siku ya kuhesabu mali, kwa hiyo jiulize unahesabu kila baada ya muda gani, ndipo ununue diski. Chukua zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski iliyotolewa kwenye laptopu ya mtumba usinunue hata ukipewa bei ya kutupa.

Jambo moja linalowashtua watu: ukichomoa diski ya DVR na kuiweka kwenye kompyuta, Windows mara nyingi haiwezi kuisoma, inauliza kama unataka kuifomati, yaani kuifuta yote. Kataa. Rekodi zipo, ila zimeandikwa kwa mpangilio wa kiwanda kile. Itafute mashine ya chapa ileile. Kwa kompyuta tatizo hili mara nyingi halipo, faili nyingi ni za kawaida na unazinakili kwenye flashi.

Kuna mahali kompyuta ndiyo sahihi, na huko sisiti. Hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja ilikuwa na kamera 22 za chapa tatu, zimenunuliwa miaka tofauti. Zote zilikuwa zinaelewa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za mtandao, nikaziunganisha kwenye kompyuta moja ya Linux yenye diski nne. Programu inatenganisha mtu na kivuli cha mnazi, kwa hiyo mlinzi hakeshi akitazama majani. Kilichonipa moyo zaidi ni kwamba kuna kijana wa IT anayelala hapo hapo hotelini. Paua, kile kifaa cha ndani kinachoipa kompyuta umeme, ikifa, ananunua nyingine mjini na kuibadilisha mwenyewe. DVR ikifa bodi, mara nyingi unaitupa.

Ukiamua kompyuta, basi ifunge kwa heshima. Badilisha CR2032 siku ya kwanza. Ingia BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, tafuta mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, chagua iwake. Na pale panapoiambia isimame ikiona hitilafu, iambie isisimame. Programu ya kurekodi ianze yenyewe bila kusubiri mtu aandike nywila. Windows iwe kwenye SSD yake, diski ya kasi isiyozunguka, rekodi kwenye diski nyingine. Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba zinakuja nayo, kwa hiyo uliza. Na kompyuta hiyo isiguswe kwa kazi nyingine, si ankara, si muvi.

Ukiamua DVR, kazi ni chache. Badilisha nywila ya kiwandani kabla hujaiunga kwenye ruta. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka DVR na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila zilizozoeleka. Rekebisha saa, maana picha yenye saa isiyo sahihi polisi watakuuliza maswali mengi kuliko mwizi. Mwisho, ifiche. Mteja wangu mmoja wa famasi aliibiwa, na mwizi akaondoka na DVR yenyewe iliyokuwa juu ya kabati. Iweke kwenye boksi la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, chumba kingine kabisa. Juu ya dari chini ya bati usiweke, joto la Dar litaiua diski.

Mashine yoyote utakayochukua, siku fundi anapomaliza usimlipe hela ya mwisho hadi mfanye hivi pamoja. Chomoa plagi kuu ukutani na uzime UPS, kila kitu kizime. Subirini dakika kumi. Rudisha umeme kama ambavyo ungerudi wenyewe, halafu mtu yeyote asiguse kitu. Nendeni mkanywe chai. Mkirudi, fungueni rekodi ya dakika tano zilizopita. Ikionekana, mlipe.

Yule mzee wa Mbagala nilimfungia DVR kwa gharama zangu, na ile kompyuta akaipeleka nyumbani kwa wajukuu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini binti yake anafungua rekodi ya saa tisa usiku uliopita, anaangalia dakika moja ya mlango wa stoo, kisha ananitumia picha yake kwa WhatsApp. Nami ninaangalia saa iliyo kwenye kona.