Umetoka kwenye mizani ukapewa ukatibu wa AMCOS? Anza na haya

Kila mwaka kabla msimu wa korosho haujafunguliwa kuna watu huku kwetu, Tandahimba, Newala, Masasi mpaka Nachingwea, wanatolewa kwenye ukarani wa mizani wanapewa ukatibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima (siku hizi wengine wanasema meneja, kazi ni ile ile), na wengi wanaingia wakidhani wanaendelea na kazi waliyoizoea ila sasa wana ofisi. Hapana ndugu yangu. Karani anaulizwa kilo ngapi, basi. Katibu anaulizwa hela yangu iko wapi. Ukilielewa hilo mapema mabadiliko mengine yote utayabeba, usipolielewa utakesha ghalani na watu bado watakununia.

Kitu cha kwanza kabisa ni makabidhiano, na yawe ya maandishi. Usikubali "funguo hizo hapo, tutaongea". Kaa na katibu anayetoka, mbele ya mwenyekiti na wajumbe wa bodi, mpitie daftari la wanachama, vitabu vya risiti, taarifa za benki, magunia yaliyobaki, mizani, madeni ya chama na wakulima wanaodai. Kila kitu kiandikwe halafu wote msaini na kila mmoja abaki na nakala. Kuna watu wataona kama unamshuku mzee wa watu, mwambie mwenyewe kwa adabu, shikamoo mzee, hii inakulinda wewe na mimi. Na usimwache akaondoka na akili yake yote, chukua namba yake, yule anajua mkulima yupi ana akaunti mbili na nani alifariki lakini jina bado lipo kitabuni.

Sasa hapa pagumu. Achia mizani. Najua mkono unawasha, umepima miaka na unaona karani mpya anasoma taratibu huku foleni ya bodaboda na magunia inafika barabarani, unataka umsogeze pembeni upime mwenyewe. Ukifanya hivyo mara mbili tu wakulima watajua karani ni pambo, kila mwenye shida atakuja kwako na kazi ya ofisini italala. Mfundishe kabla msimu haujaanza, mwezi wa saba na wa nane watu wakiwa bado mashambani wanahangaika na salfa, dawa ya mikorosho. Mwonyeshe jinsi ya kutoboa gunia la katikati na sio la juu tu, jinsi ya kujua korosho haijakauka, jinsi ya kukataa mzigo bila kumtukana mtu. Akikosea msahihishe pembeni, sio mbele ya foleni.

Na umwelekeze vizuri kuhusu unyaufu, yaani kilo kupungua korosho ikikauka, maana hii ndio inaleta kesi. Korosho ikipokelewa na unyevu inaendelea kukauka, ikifika ghala kuu kilo zimepungua na tofauti inarudi mlangoni kwako wewe katibu, karani hatafutwi. Ulipokua kwenye mizani gunia bichi lilikua usumbufu wa siku moja, sasa hivi ni deni la chama.

Wale mliokua mnakaa nao kijiweni watabadilika kidogo na wewe itabidi ubadilike kidogo. Shemeji ataleta mzigo usiku, mjomba atasema mimi ndo nimekusomesha nipitishie hizi andagredi (daraja la chini) kama standadi (daraja la kwanza). Mjomba kwetu huku ni mtu mzito, huwezi kumjibu hovyo. Mfuate nyumbani kwake kabla msimu haujafunguliwa, kaa kwenye mkeka, mweleze kwamba mzigo wa ndugu ndio utakaoangaliwa kuliko wa mtu yeyote, mwombe akusaidie kwa kuleta korosho zilizochambuliwa vizuri. Wazee wetu ukiwaheshimu kabla ya tatizo wanakua upande wako. Ila kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kinyemela nje ya mnada, usikae nayo meza moja hata kama anayenunua ni rafiki yako wa utotoni, korosho zake zikiingia chamani kwa jina la mwanachama umeshauza kazi.

Halafu jifunze safari yote ya mzigo, sio kipande chako tu. Toka AMCOS inaenda ghala kuu, inatoka stakabadhi (hati ya mzigo uliopo ghalani), inaingia mnadani, mnunuzi analipa, hela inapita mpaka akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani kwenye korosho ulianzia hapa Mtwara msimu wa 2007/08 na haujawahi kutulia sehemu moja. 2018 serikali ilinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wakahakikiwa kwanza kabla ya kulipwa, hapo ndo watu walijua daftari la wanachama lina kazi gani. Tulizoea barua za wanunuzi kwenye sanduku, kuanzia msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) na bei zinaonekana kwenye skrini. Kwaiyo ukiletewa mfumo mwingine kesho usikimbilie kusema wa zamani ulikua bora, kaa na kijana anayejua kompyuta, omba afisa ushirika wa wilaya akuelekeze, rudia mpaka uweze kumweleza bibi asiyejua kusoma akakuelewa.

Makato ndio usiyaonee aibu hata kidogo. Andika kwenye ubao nje ya ofisi bei ya mnada, kato la chama cha msingi, la chama kikuu (muungano wa AMCOS), la ghala, usafiri, yote yaliyotangazwa, na mwisho mkulima anabakiwa na shilingi ngapi kwa kilo. Watu hawakasirikii makato kama wanavyokasirikia kuyasikia kwa jirani.

Na bodi nayo, heshimu mipaka. Bodi inasimamia, wewe unatekeleza, mwenyekiti akikwambia toa hela kwa mdomo mwombe muhtasari wa kikao.

Mnada wa kwanza wakulima wakikataa bei, usijifungie ofisini. Toka nje, waambie mzigo bado ni wao, uko ghalani, mnada ujao ni siku fulani, na siku hiyo wachague wenzao wa kwenda na wewe.