Kuchagua mafuta na rangi ya uso Lubumbashi: soma ngozi kwanza, chupa baadaye

Kabla ya kwenda sokoni, ijue ngozi yako. Nawa uso jioni kwa sabuni laini, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, halafu kaa saa nzima bila kupaka kitu. Chukua vipande vya karatasi laini ya choo, bandika kimoja kwenye paji la uso, kimoja puani, kimoja kila shavu. Vyote vikitoka na madoa ya mafuta, ngozi yako ni ya mafuta: kwenye chupa itaandikwa «peau grasse». Paji na pua vikiacha madoa huku mashavu ni safi, ni mchanganyiko, «peau mixte», na watu wengi wako hapo. Karatasi ikibaki safi na uso unavuta kama ngozi ya ngoma, ni kavu, «peau sèche». Kuwashwa na kuchomwa ni jambo jingine, «peau sensible», na linaweza kumpata mwenye ngozi yoyote kati ya hizo.

Rudia jaribio hilo Januari na tena Julai, kwa sababu majibu hayafanani. Hapa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kuanzia Mei hadi Septemba mvua inakatika, asubuhi zinakuwa baridi, na lile vumbi jekundu linaingia hadi kwenye nyusi. Mtu aliyekuwa anang'aa mafuta wakati wa mvua anaanza kupauka mashavu na kupasuka midomo. Hapo wengi wanakosea: wanausugua uso kwa nguvu, kwa sabuni ya kipande, ili vumbi litoke. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH (kipimo cha asidi; namba ndogo ndiyo yenye asidi zaidi) ya 9 au 10; uso wenyewe uko karibu na 5. Ngozi iliyosuguliwa hivyo inapoteza mafuta yake, inakauka zaidi, na mwenye chunusi anazidi kuzipata. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na manukato, usiku mara moja, vinatosha. Asubuhi, ngozi kavu iguse maji tu.

Mafuta yapakwe uso ukiwa bado na unyevu, dakika mbili tatu baada ya kunawa. Glisirini ni nzuri na bei yake ni ndogo, lakini usiipake tupu kwenye uso mkavu wakati wa kiangazi: hewa ikiwa haina maji, inavuta yale yaliyomo ndani ya ngozi, na juu inabaki kunata na kukusanya vumbi. Matone mawili matatu juu ya uso uliolowa, kisha funika kwa karite (siagi ya shea) au vaselini kiasi cha punje ya njegere. Kiasi hicho ni cha uso mzima.

Mwenye ngozi ya mafuta asiache kupaka kremu; achague nyepesi, yenye maneno «non comédogène», yaani isiyoziba vitundu vya ngozi, na asipake usoni siagi ya kakao wala mafuta ya nazi. Chunusi ndogo za vichwa vyeusi zinataka asidi ya salisiliki ya asilimia 2, usiku mara mbili au tatu kwa wiki. Chunusi zenye usaha zinataka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Ya asilimia 10 inakausha na kuchoma zaidi bila faida kubwa, na benzoili zote mbili, ya 2.5 na ya 10, zinaondoa rangi ya foronya na taulo, kwa hiyo tumia foronya na taulo nyeupe. Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukianza tatu siku moja na uso ukaungua, hutajua ipi imekuunguza.

Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi ndiyo yanayowapeleka watu kwenye kremu za kuchubua. Soma nyuma ya boksi: ukiona «hydroquinone», «clobétasol», «bétaméthasone» au neno lolote la «mercure» (zebaki), rudisha mahali pake. Umoja wa Ulaya uliikataza haidrokwinoni kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa bluu usiotoka. Klobetasoli, dawa kali ya steroidi, inaifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Boksi lisilo na orodha ya vilivyomo nalo ni jibu: usilinunue. Aliyekwisha kutumia klobetasoli kwa miezi asiikate ghafla peke yake, maana uso unaweza kuwaka. Amwone daktari wa ngozi. Kwa madoa, tafuta niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5 na uipe wiki 8 hadi 12.

Lakini bila kinga ya jua doa halitafifia, hata ngozi iwe nyeusi namna gani. Mji huu uko kwenye mita 1,200 hivi, na jua la juu lina makali zaidi. Kremu ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua) inazuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, mradi upake ya kutosha: mistari miwili mirefu juu ya vidole viwili, kwa uso na shingo. Ikikuacha na weupe kama umepakwa chokaa, chukua yenye rangi ndani, «teintée». Rangi hiyo ni oksaidi ya chuma, ambayo inazuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Ndiyo hiyo hiyo inayolifanya vumbi letu kuwa jekundu, ila hii imesafishwa.

Kuhusu rangi ya msingi, ile ya «fond de teint», fahamu kwamba chupa nyingi zimechanganywa kwa rangi nne tu: nyeupe, njano, nyekundu na nyeusi. Ukijua hivyo unaweza kulisoma kosa. Uso ukiwa wa kijivu kama majivu, nyeupe imezidi na njano au nyekundu imepungua; kuongeza poda hakusaidii. Ukiwa wa rangi ya tofali, nyekundu imezidi.

Katika soko la Kenya, lile la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, usijaribu rangi chini ya turubai, kwa sababu turubai la bluu linaigeuza kila rangi. Sema, «Mama, natoka kidogo niione kwenye mwanga,» na usimame kivulini penye mwanga wa mchana. Chora mistari mitatu kutoka kwenye taya kushuka shingoni, subiri dakika 10 ikauke, kwa kuwa nyingi zinakoza kidogo. Ule unaopotea ndio wako. Linganisha na kifua, usilinganishe na paji la uso: kwa wengi wetu paji na pembeni mwa mdomo ni peusi kuliko mashavu. Ikikosekana inayofaa, nunua mbili ndogo, moja iliyokoza na moja iliyo wazi, uchanganye mgongoni mwa mkono. Mchanganyiko wa Januari hautafaa Julai.

Weusi chini ya macho unafunikwa kwa rangi ya chungwa, nyembamba sana, kabla ya rangi ya msingi. Rangi ikijiviringisha kama makombo ya kifutio, hukuipa kremu dakika 5 ikae, au kremu ni ya silikoni na rangi ni ya maji.

Poda nyeupe ya kumalizia haionekani kwenye kioo lakini kwenye picha za harusi inatokea kama unga. Jipige picha moja kwa simu, flashi ikiwaka, kabla ya kutoka nyumbani.