Kabla ya mtihani, jua kwanza hofu yako ni ya namna gani

Wanafunzi wanaosubiri mtihani mmoja hawausubiri kwa namna moja. Yupo aliyeanza kudurusu miezi miwili kabla, na bado kila akilala anajiona hajafika popote. Yupo anayeapa kwamba akili yake haifanyi kazi mpaka presha ipande, zikibaki siku tatu. Yupo mtulivu ambaye hakuna anayejua kama utulivu wake umetokana na kuelewa au na kutojipima. Wote hawa huambiwa maneno yaleyale: panga ratiba, soma kwa bidii, usiogope. Naamini ndiyo maana ushauri mwingi wa mitihani hauwafiki walengwa. Unaruka jambo la kwanza la kuzingatia, yaani mtihani unakufanya nini wewe, na ukishikwa na hofu unakimbilia wapi.

Tuanze na anayeahirisha, kwa sababu ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Huitwa mvivu, lakini mara nyingi anachokikwepa si kazi yenyewe bali ile hali mbaya inayomjia akiigusa kazi. Akifungua daftari la hesabu anajihisi mjinga; akilifunga anapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo inamzoesha kulifunga tena kesho. Ukijiona hapo, ratiba ndefu ya rangi rangi iliyobandikwa ukutani haitakusaidia. Unachohitaji ni mwanzo mdogo usiotisha: swali moja, saa fulani, mahali fulani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu aliyepanga "ikifika saa hii, nikiwa hapa, nitafanya hili" hutekeleza zaidi kuliko aliyesema tu kwamba atasoma. Na siku ulizokwisha kupoteza usijichape kwazo. Mwaka 2010, Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo nchini Kanada, wakaona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha kabla ya ule wa pili. Kujilaumu kunaongeza uchungu, na uchungu ndio uliokuwa ukikimbiwa tangu awali.

Aliye karibu naye ni yule anayetangaza mapema, "Mimi sijasoma kitu." Edward Jones na Steven Berglas walilieleza jambo hili mwaka 1978: mtu hujiwekea kizuizi yeye mwenyewe ili akishindwa, kilaumiwe kizuizi na si uwezo wake. Anakesha usiku wa mwisho kwa mambo yasiyo ya lazima, au anamwazima mwenzake vitabu wiki anayovihitaji. Ndani yake kuna hofu halisi ya kuonekana hana akili. Kama unajisikia ukitayarisha kisingizio kabla hata ya kuiona karatasi ya maswali, simama hapo na ujiulize ni mada ipi hasa unayoogopa kwamba hutaiweza. Kwa kawaida si somo zima. Ni mada mbili au tatu.

Kisha kuna mwenye wasiwasi anayejiandaa vizuri. Huyu anaeleweka vibaya na watu wanaompenda. Akisema "nitafeli," mzazi anamjibu, "Usijali, wewe utafaulu tu." Julie Norem na Nancy Cantor, katika utafiti wao wa mwaka 1986, walikuta kwamba watu wa aina hii hutumia fikra ya mabaya yanayoweza kutokea kama njia ya kujiandaa, na wakitiwa moyo kwamba watafanya vizuri, matokeo yao hushuka. Kumnyang'anya wasiwasi wake ni kumnyang'anya namna yake ya kufanya kazi. Anayetaka kumsaidia amuulize swali la vitendo: likija swali la namna ile unayoiogopa, utaanzia wapi? Hapo wasiwasi unapata kazi ya kufanya.

Na yule anayesubiri presha? Ana nusu ya ukweli. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya, wakaona kwamba kichocheo kikali kilisaidia kujifunza kazi rahisi, lakini kazi ilipokuwa ngumu kichocheo cha wastani ndicho kilichofaa. Panya si wanafunzi, ila wengi waliopitia mitihani wataitambua hali hiyo: presha ya dakika za mwisho inaweza kukusukuma kurudia orodha unayoijua, lakini ni vigumu sana kuelewa jambo jipya la kemia moyo ukienda mbio saa saba usiku. Kwa hiyo, kama wewe ni mtu wa presha, mambo magumu yasiyoeleweka yashughulikie mapema, hata kama ni kidogo kidogo, na uyaachie majuma ya mwisho yale ya kukumbushana tu.

Ukishajijua, jambo la pili ndilo zito kuliko mengine yote, nami nitalikalia kwa muda. Hofu ya mtihani haipungui kwa kuambiwa maneno mazuri. Hupungua ukiwa na ushahidi wa unachokijua. Tatizo ni kwamba njia ya kudurusu inayopendwa zaidi, yaani kusoma tena na tena na kupaka mistari rangi, inakupa ushahidi wa uongo. Ukurasa ukiusoma mara ya nne unakuwa mwepesi machoni, nawe unadhani wepesi ule ni kujua. Kumbe umeizoea sura ya ukurasa.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006. Kundi moja lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Zitazame namba hizo kwa makini, kwa sababu zinaeleza kwa nini wanafunzi wengi wenye bidii wanashangaa matokeo yao. Usiku ule wanaposoma wanajiona wako vizuri, na kwa usiku ule ni kweli. Mtihani hauji usiku ule.

Hivyo, kabla ya mtihani, sehemu kubwa ya muda wako iwe ya daftari lililofungwa. Chukua karatasi tupu, andika kichwa cha mada, kisha andika kila unachokikumbuka: fomula, hatua, sababu, mfano. Ukikwama, kaa na mkwamo huo kidogo kabla ya kufungua daftari, maana kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakojenga kumbukumbu. Halafu fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na uweke alama penye pengo. Mada hiyohiyo irudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima yeye mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kutoa matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi sana mwanzoni kisha hupungua mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yale yaliyorundikwa siku moja. Saa 4 zilizogawanywa katika siku 4 zina faida kuliko saa 4 za mfululizo.

Mitihani ya miaka iliyopita itumie kwa namna hiyohiyo. Wengi huisoma pamoja na majibu yake pembeni, wakitikisa kichwa kukubali, na hapo hawajajipima chochote. Kaa na saa, fanya karatasi nzima kwa muda uliowekwa, kisha jisahihishe kwa ukali ukitumia mwongozo wa kusahihishia kama upo. Najua mwenye hofu nyingi huogopa zoezi hili kuliko mtihani wenyewe, maana alama za kwanza huwa mbaya. Huyo aanze na swali moja badala ya karatasi nzima. Kosa unalolifanya mezani kwako wiki tatu kabla halikugharimu alama hata moja, nalo linakuonyesha mahali pa kuelekeza nguvu.

Kuhusu kuotea maswali, yaani kuchagua mada chache unazoamini zitatoka na kuziacha nyingine, msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi asijenge maandalizi yake hapo. Ni halali kutazama mada zinazojirudia kila mwaka na kuzipa uzito. Lakini aliyeacha theluthi ya silabasi anaingia chumbani akijua kuna maswali yanayoweza kumwangusha, na kujua huko peke yake kunamtetemesha mkono kabla hajageuza ukurasa.

Muda unahitaji ukweli. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao itawachukua siku ngapi. Makadirio yao kwa wastani yalikuwa siku 34; kazi ilichukua zaidi ya siku 55. Binadamu tuko hivyo, tunapanga kana kwamba hakuna atakayeugua wala umeme hautakatika. Ukidhani mada itakuchukua saa 2, ipe saa 3. Na ratiba isijae hadi pembeni. Acha nusu siku kila wiki kwa yale yaliyovuka.

Kusoma kwa kikundi kunafaa kama kila mmoja anakuja akiwa ameshasoma na mnaulizana. Mkikutana ili mmoja awasomee wengine, afadhali kila mtu abaki kwake.

Usingizi ni sehemu ya kudurusu. Ubongo huimarisha uliyojifunza wakati umelala, kwa hiyo anayekesha anapunguza kile alichokesha kukitafuta. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa wenye umri wa miaka 14 hadi 17, na saa 7 hadi 9 kwa vijana wakubwa. Kahawa ya jioni iangalie pia, maana kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini.

Sasa hofu yenyewe. Robert Liebert na Larry Morris waliigawa sehemu mbili mwaka 1967: wasiwasi wa mawazo na msukosuko wa mwili. Mikono kulowa, tumbo kuvuruga na moyo kudunda ndivyo vinavyotutisha zaidi, ila mawazo ndiyo yanayoharibu alama, kwa sababu "nitafeli, watasemaje nyumbani" yanachukua nafasi ileile akilini unayoihitaji ili kushika hatua za swali. Mwili ukianza msukosuko, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mawazo yana dawa yake. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 utafiti ambao wanafunzi waliandika kwa dakika 10, muda mfupi kabla ya mtihani, kila kinachowatia hofu kuhusu mtihani huo. Walioandika walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye wasiwasi mwingi. Hauhitaji ufundi: karatasi yoyote, maneno yoyote, kisha uichane ukitaka. Jaribu nyumbani siku unayofanya karatasi ya mazoezi, ili siku yenyewe isiwe jambo geni.

Ukiingia na kichwa kikawa cheupe, usichukulie kwamba umesahau. Homoni za msongo huzuia kwa muda kuchota kilichomo; kilichomo hakijaondoka. Ruka swali hilo, fanya lile unaloliweza, kisha urudi. Amua hivyo tangu nyumbani, maana ndani ya chumba hutakuwa na utulivu wa kuamua.

Hesabu za karatasi pia zifanye mapema. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 una dakika 180. Toa 20 za kusoma maswali mwanzoni na kupitia majibu mwishoni, zibaki 160, yaani dakika 1.6 kwa alama moja. Swali la alama 15 lina dakika 24, si 40. Jua sehemu ni ngapi na maswali ya lazima ni yapi. Kitambulisho, namba ya mtihani, kalamu mbili, kikokotoo kama kinaruhusiwa: viwe ndani ya mkoba usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kuna hali ambayo maandalizi haya hayaitoshi, na ningependa isemwe waziwazi. Mwanafunzi akikosa usingizi kwa majuma, akaacha kula, akawa analia bila kujizuia, akashikwa na hofu ya ghafla inayomkata pumzi, au akaanza kuwaza kujidhuru, huo si wakati wa ratiba. Amweleze mtu mzima anayemwamini, mshauri nasaha au mhudumu wa afya, leo hii, bila kusubiri mitihani iishe. Na aliyeambiwa asijibu kwa kusema kwamba kila mtu amepitia hayo.

La mwisho la kupanga ni saa moja baada ya karatasi ya kwanza. Nje ya chumba kutakuwa na watu wanaolinganisha majibu, na aliyejibu tofauti ataondoka na uzito atakaoubeba hadi karatasi ya pili. Amua mapema utatoka na nani na mtaelekea wapi, kubaliana na marafiki zako kwamba majibu hayatajadiliwa mpaka karatasi ya mwisho, na uwe na chakula na mahali pa kupumzika kabla ya kufungua daftari la somo linalofuata.