Imla ya wodini: kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeteswa na tahajia

Mdogo wangu uliyepo dakhalia, yaani bwenini, sasa hivi na ripoti iliyojaa wino mwekundu, nakuandikia wewe. Nami nilivuka kwa meli kutoka Mkoani, Pemba, kwenda Unguja na matokeo mazuri ya Biolojia na Kemia, na wiki ya pili tu mwalimu akanionyesha kwamba neno "pneumonia" nimeliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Ugonjwa wenyewe nilikuwa naujua, dalili zake na matibabu yake. Herufi ndizo zilizonishinda.

Kwanza pima shida yako iko wapi. Chukua ukurasa wa gazeti la Kiswahili uusome kwa sauti, kisha mwenzako akusomee imla ya mistari kumi. Ukiandika sawasawa, basi shida yako ni Kiingereza, na dawa yake ni mazoezi ya aina nitakayoieleza. Lakini kama hata Kiswahili unakisoma kwa taabu na polepole, mstari unakupotea, herufi zinabadilishana nafasi, na ndivyo ulivyo tangu darasa la kwanza, huenda una disleksia. Huo si ujinga wala uvivu. Ni namna ubongo unavyoyashughulikia maandishi, na wapo wauguzi wenye hali hiyo wanaofanya kazi yao vizuri. Nenda kwa mwalimu wako mlezi mapema, mitihani haijakaribia, umweleze waziwazi na umwombe msaada. Mimi aibu ilinichelewesha mwaka mzima na sikupata faida yoyote kwa kunyamaza.

Nalishikilia sana jambo hili kwa sababu ya asubuhi moja katika wodi ya wazazi. Nilikuwa mwaka wa pili, tumepelekwa mafunzo ya vitendo. Mama mmoja mja mzito presha yake ilikuwa 170 kwa 110, daktari akataja "hydralazine" huku anaelekea kitanda cha pili, nami nikaandika kwenye karatasi ya matibabu. Jana yake darasani tulisoma dawa za mzio. Mkono wangu ukaandika "hydroxyzine". Maneno mawili yenye kichwa kimoja na mkia mmoja. La kwanza linashusha presha, la pili ni la kuwashwa na mzio. Sista aliyekuwa zamu akaweka kidole juu ya neno lile, akaniuliza kwa sauti ndogo ili mgonjwa asisikie, "Mwanangu, huyu mama anawashwa?" Kisha akanishika mkono hadi kabatini, akanipa kichupa, akasema, "Andika kinachosema hiki." Nikanakili herufi moja moja, yeye amesimama pembeni. Dawa ilikuwa bado haijachotwa, alhamdulillahi. Mama yule alijifungua salama, lakini mimi usiku ule sikulala.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: jina la dawa halikisiwi. Kama kichupa au pakiti ipo, nakili kutoka hapo. Kama haipo, tumia kitabu cha dawa cha wodi. Kama daktari kataja kwa mdomo, mrudishie jina na dozi kwa sauti, na ukiwa na shaka sema, "Daktari, naomba unitajie herufi." Hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache acheke. Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, tia saini, andika upya pembeni. Usigeuze herufi juu ya herufi.

Sasa mazoezi yenyewe. Kiswahili chetu kinatudekeza: kila herufi inasema sauti yake, basi tukikutana na Kiingereza tunaandika tulichosikia. Nilihangaika kwa miezi mpaka siku moja, nikiwa likizo Wete, nikamsikia mdogo wangu anarudia somo lake la chuo cha Kurani: be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu. Nikajiambia, mbona mimi najua kusoma hivi tangu nina miaka mitano? Nikachukua daftari nikaanza kuyasoma maneno ya hospitali kwa jicho la Kiswahili, kila irabu ipate haki yake. Mdomoni, mbele ya mwalimu, ninasema neno kama Waingereza wanavyolisema. Kichwani ninalo jina la pili, la kuandikia. "Pneumonia" ni p-ne-u-mo-ni-a. "Oedema" ni o-e-de-ma. "Anaesthesia" ni a-na-e-sthe-si-a. Ukilisoma hivyo mara saba kwa sauti, ile p ya mwanzo na ile e iliyojificha hazikupotei tena.

Herufi C haisimami peke yake katika Kiswahili, basi mimi niliipa sauti ya "che" ili nisiichanganye na S wala K. Na herufi zinazojirudia nilizitia shada, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi mara mbili, kama tulivyofundishwa kwenye ubao. "Amoxicillin" kwangu ni a-mo-xi-chi-llin, lamu ina shada. "Haemorrhage" ni ha-e-mo-rrha-ge, re ina shada. Unaweza kuona ni jambo la kitoto. Jaribu kwa siku tatu na maneno yaliyokusumbua wewe mwenyewe, maana orodha yangu haitakufaa kama yako.

Hatua inayofuata ni kuchambua. Aliyekulia Pemba anajua kukaa mkekani akatenga karafuu na makonyo. Fanya hivyo kwa maneno. Mengi yametoka Kigiriki, na vipande ni vilevile vinarudi. Kile "rrh" kinachotisha kinatoka huko: katika "diarrhoea" na "amenorrhoea" ni kipande cha kutiririka, na katika "haemorrhage" ni cha kupasuka. Tahajia yake ukiijua mahali pamoja umeijua kote. Dawa nazo zina mikia. Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha yake ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, na tangu hapo dawa za ukoo mmoja kwa kawaida hupewa kipande kimoja cha jina: "ampicillin" na "amoxicillin", "captopril" na "enalapril", "atenolol" na "propranolol", "nifedipine" na "amlodipine". Jifunze mkia mara moja, kisha kilichobaki ni kichwa tu.

Kuna maneno yanayofanana ambayo kwa muuguzi kosa lake si la alama, ni la mgonjwa. Haya niliyafungia vikumbusho vya Kiswahili. "Hypo" ni chini, na inaishia na O kama shimo. "Hyper" ni juu. "Dysphagia" ina G ya kugugumia, mgonjwa hamezi vizuri. "Dysphasia" ina S ya kusema, maneno ndiyo yanayomshinda. "Ileum" ni utumbo, ina E ya mchele unaopita humo. "Ilium" ni mfupa wa nyonga, ina I ya kiuno. Na ile iliyonikosesha usingizi: "hydralazine" ina "ala" ndani yake, kama ala ya kisu. Siku hizi ninapoiandika, zile herufi za katikati naziandika kubwa, hydrALAzine, na wenzangu wodini wameizoea.

Vitabu vingine vitakuchanganya bila kosa lako. Utakuta "anaemia" huku na "anemia" kule, "oedema" na "edema". Yote ni sahihi: ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ya Marekani. Muulize mwalimu wako anataka ipi, uifuate hiyo moja mpaka mwisho wa ukurasa. Na "adrenaline" na "epinephrine" ni dawa moja, kama "paracetamol" na "acetaminophen".

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana nimepita njia hiyo. Asiyejua tahajia hukimbilia vifupisho. Neno refu linamtisha, anaandika herufi tatu na kusonga mbele. Mdogo wangu, usijifiche huko. "MgSO4" na "MSO4" zinatofautiana kwa herufi moja ndogo: ya kwanza ni magnesiamu salfeti tunayompa mama mwenye kifafa cha mimba, ya pili ni mofini. Andika jina zima. Herufi U peke yake, ukiharakisha, inasomeka kama sifuri, na 4U za insulini zikasomeka 40, andika "units". Mikrogramu andika "mcg", maana ile alama ya Kigiriki kwa mwandiko mbaya hugeuka "mg", na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Nusu iandike 0.5, usiache nukta peke yake mbele ya tano. Na tano iandike 5 tu, usiiongezee nukta na sifuri.

Simu inasaidia wakati wa kusoma, lakini ina tabia ya kurekebisha majina ya dawa kuwa neno inalolijua yenyewe. Ukichapa, soma tena kabla ya kutuma. Na daftari lako la maneno lisiwe na jina la mgonjwa hata mmoja.

Kuhusu mtihani, mimi niliacha dakika kumi za mwisho nikasoma karatasi yangu kinyumenyume, kutoka neno la mwisho kwenda la kwanza. Ukisoma kwa mtiririko, akili inajaza yenyewe na kosa hulioni. Ukisoma kinyume, kila neno linasimama peke yake.

Lililonifikisha zaidi ya yote ni imla. Shoga yangu mmoja wa dakhalia, mtu wa Makunduchi, alikuwa ananisomea maneno kumi kila usiku baada ya Isha, Ramadhani baada ya tarawehe. Nikikosea neno, halifutwi kwenye orodha. Linarudi kesho, linarudi na baada ya wiki. Tulianza na maneno ya wodi tuliyokuwamo, kwa sababu ripoti za wodi moja zinazunguka kwenye maneno machache yale yale. Ukihamishwa kutoka wazazi kwenda watoto, siku ya kwanza pita kabatini na kwenye kadi zilizojazwa na sista mwenye mwandiko mzuri, chukua maneno kumi, uanze nayo usiku huo huo.