Namna ya Kufuatilia Fedha za Kampeni za Marekani Ukiwa Tanga

Kila msimu wa uchaguzi wa Marekani unapokaribia, katika baraza za Ngamiani na hata katika vipindi vya redio vya hapa Tanga, husikika kauli kwamba mgombea fulani amenunuliwa na kampuni fulani, au kwamba urais wa nchi ile huchukuliwa na mwenye fedha nyingi kuliko wenzake. Kauli hizo hazikosi chembe ya ukweli, lakini nyingi hutolewa bila ushahidi, ilhali ushahidi wenyewe umewekwa wazi na yeyote mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kuusoma. Mwongozo huu ni kwa mwanahabari, mwalimu wa uraia na mwanafunzi anayetaka kusema jambo ambalo akiulizwa ataweza kulitetea.

Anza na sheria, kwa sababu asiyeijua atasoma takwimu sahihi na kufikia hitimisho la uongo. Sisi tuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo huweka kikomo cha fedha anazoweza kutumia mgombea. Marekani haina kikomo cha namna hiyo, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, kwamba michango inaweza kuwekewa mpaka lakini matumizi hayawezi. Katika mzunguko wa uchaguzi wa miaka miwili, 2025 na 2026, mtu mmoja anaruhusiwa kumchangia mgombea wa ngazi ya taifa dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na uchaguzi wa mchujo ndani ya chama huhesabiwa peke yake, tofauti na uchaguzi mkuu. Kampuni zilikatazwa tangu mwaka 1907 kumpa mgombea huyo fedha kutoka katika mfuko wao. Hata hivyo, hukumu ya Citizens United ya mwaka 2010 iliziruhusu kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia kiasi chochote kumpigia debe mgombea, mradi zisipange jambo hilo pamoja naye, na mwaka huohuo uamuzi wa mahakama ya rufaa ukafungua njia kwa kamati ziitwazo Super PAC, ambazo hupokea michango isiyo na kikomo.

Sasa fungua tovuti ya Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, fec.gov, ambayo haidai ada wala usajili. Andika jina la mgombea katika kisanduku cha kutafutia, kisha chagua mwaka. Namba ya mgombea urais huanza na herufi P, ya seneta S na ya mjumbe wa Baraza la Wawakilishi H, wakati kila kamati ina namba inayoanza na C. Iandike pembeni namba ya kamati, kwa maana majina ya kamati hufanana sana na ni rahisi kusoma hesabu za watu wengine. Ukurasa wa kwanza utakuonyesha mapato, matumizi, salio na madeni.

Mahali panapohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni orodha ya wachangiaji, iliyo katika jedwali A. Mtu ambaye jumla ya michango yake kwa mgombea katika mzunguko huo imezidi dola 200 hutajwa kwa jina, mji, kazi, mwajiri, tarehe na kiasi. Mstari mmoja unaweza kusomeka kwamba mhandisi wa mji fulani, mwajiriwa wa kampuni fulani, alitoa dola 250 tarehe fulani, na mstari unaofuata ukawa wa mstaafu asiye na mwajiri. Hapo ndipo kosa kubwa la vyombo vya habari huzaliwa: mtu hujumlisha michango ya wahandisi wote wa kampuni ile, kisha hutangaza kwamba kampuni imempa mgombea mamilioni. Haikumpa. Waliotoa ni wafanyakazi, kila mmoja kwa hiari yake, na huenda wengine wa ofisi hiyohiyo walimchangia mpinzani. Kampuni inaweza kuwa na kamati yake ya kisiasa, inayochangiwa na wafanyakazi na wanahisa wake, nayo kwa kawaida haiwezi kumpa mgombea zaidi ya dola 5,000 kwa kila uchaguzi. Kwa hiyo andika "wafanyakazi wa kampuni" pale unapomaanisha wafanyakazi, hata kama sentensi itapungua makali.

Jihadhari pia na majukwaa ya kuchangishia ya ActBlue, linalotumiwa na Wademokrati, na WinRed, linalotumiwa na Warepublican. Mchango mdogo uliopitia huko huonekana katika taarifa ya jukwaa na huingia tena katika hesabu za kampeni, hivyo anayejumlisha taarifa zote mbili huwa amehesabu fedha ileile mara mbili.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kampeni ya mwaka 2020 ya bilionea Michael Bloomberg, aliyetaka kuteuliwa na Wademokrati kugombea urais. Mgombea hana kikomo cha kutumia fedha zake mwenyewe, na taarifa za kamati yake zinaonyesha zaidi ya dola bilioni 1 zilizotoka mfukoni mwake. Katika majimbo na maeneo yaliyopiga kura tarehe 3 Machi alishinda American Samoa peke yake, na kesho yake akajitoa. Nawaomba walimu waanze na mfano huu, kwa kuwa unamzuia mwanafunzi kudhani kwamba fedha nyingi ni sawa na ushindi.

Baada ya hapo nenda katika jedwali E, lenye matumizi huru ya makundi yaliyo nje ya kampeni. Kila malipo huonyesha aliyelipwa, kazi aliyolipiwa, na kama yalikuwa ya kumuunga mkono mgombea au kumpinga. Kisha ifungue Super PAC yenyewe na usome wachangiaji wake, maana huko ndiko matajiri wakubwa walipo: katika uchaguzi wa 2024 Elon Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na chama chake, na sehemu kubwa ilipitia America PAC. Kwa maoni yangu, jambo hili lina uzito kuliko mistari yote ya dola 250 katika jedwali A, na ndilo linalostahili kuulizwa kwa ukali.

Wakati mwingine utakuta aliyeichangia Super PAC ni asasi isiyo ya faida. Asasi nyingi za aina hiyo hazilazimiki kutangaza wafadhili wao, kwa hiyo njia hukatikia hapo. Andika jina la asasi na kiasi ilichotoa, useme kwamba wafadhili wake hawakutangazwa, na usijaze pengo kwa jina ulilolisikia barazani.

Yapo makatazo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. Asiye raia wa Marekani haruhusiwi kuchangia kampeni yoyote kule, isipokuwa mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo barua pepe ya kuomba dola 5 isikushawishi. Aidha, ni marufuku kutumia majina ya wachangiaji binafsi yaliyomo katika taarifa hizo kuwaombea michango au kuwauzia bidhaa.

Kwa uchaguzi wa tarehe 3 Novemba 2026, taarifa za robo mwaka za wagombea wa Bunge hufungwa tarehe 15 Oktoba usiku wa manane saa za Washington, ambao kwetu Tanga ni saa moja asubuhi ya tarehe 16. Taarifa ya kabla ya uchaguzi inafuata tarehe 22 Oktoba. Katika siku 20 za mwisho, matumizi huru yanayofikia dola 1,000 hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24, hivyo jedwali E lifungue kila asubuhi. Taarifa ya baada ya uchaguzi, ambayo wengi huisahau, inatakiwa kufika tarehe 3 Desemba, na humo ndimo madeni na michango ya siku za mwisho kabisa huonekana.